Kani halisi ya trekta linalovuta tela

Kani ni msukumo au mvuto, na kani halisi ni kile kinachobaki ukitoa kani zote zinazozuia mwendo kwenye kani inayosukuma mbele. Ikiwa sifuri, trekta limesimama, au linakwenda kwa mwendo uleule bila kuongeza wala kupunguza.

Tuchukue trekta la kilo 3,000 linalovuta tela la mahindi, kilo 2,000 pamoja na mzigo, kwenye barabara tambarare. Magurudumu yanasukuma kwa niutoni (kipimo cha kani) 6,000. Ukinzani wa barabara ni niutoni 900 kwa trekta na 1,100 kwa tela. Kani halisi: 6,000 − 900 − 1,100 = 4,000. Kanuni ya pili ya Newton inasema mchapuko, yaani kasi ya kuongezeka kwa mwendo, ni kani halisi ikigawanywa kwa tungamo, yaani kilo zote za trekta na tela: 4,000 ÷ 5,000 = 0.8. Yaani kila sekunde mwendo unaongezeka kwa mita 0.8 kwa sekunde. Wengi hugawanya kwa 3,000 kwa kuwa injini iko kwenye trekta, wakasahau kwamba tela nalo linaongezewa mwendo.

Mvuto wa pini inayounganisha tela na trekta haukuingia humo. Pini huvuta tela mbele na trekta nyuma kwa kiasi kilekile, hivyo ukivihesabu vyote viwili kama kitu kimoja, hufutana. Ukitaka kuujua, litazame tela peke yake: 2,000 × 0.8 = 1,600, ongeza ukinzani wa 1,100, unapata niutoni 2,700. Hakiki kwa trekta: 6,000 − 900 − 2,700 = 2,400; gawanya kwa 3,000, ni 0.8 ileile. Isipolingana, kuna kani iliyosahaulika au iliyohesabiwa mara mbili.

Kwenye mlima unaopanda mita 1 kwa kila mita 20 za barabara, uzito (niutoni 9.8 kwa kila kilo) unarudisha nyuma kwa 5,000 × 9.8 ÷ 20 = 2,450. Kani halisi inashuka hadi 1,550 na mchapuko hadi 0.31. Ajabu ni kwamba pini bado inabeba 2,700, mradi magurudumu yanasukuma kwa 6,000 ileile: ukinzani 1,100, kupanda 980, kuongeza mwendo 620.

Tela likivutwa kwa kamba badala ya pini, mambo hubadilika. Ikiwa imelegea kisha ikanyooka ghafla, tela likatoka kusimama hadi mita 1 kwa sekunde ndani ya sekunde 0.1, mchapuko ni 10 na kamba inabeba wastani wa niutoni 21,100, karibu mara nane ya ile 2,700. Kwa hiyo dereva husogea polepole mpaka kamba ikaze, ndipo akanyage mafuta.