Je, wajua skuta ya umeme isiyotengenezwa tena inawezaje kutembea kwa spea za kampuni nyingine?

Ukiulizia Kampala spea ya skuta ya umeme ambayo kampuni yake ilishafunga, unaweza kushauriwa uiuze kama chuma chakavu. Dalili zenyewe zinashawishi: akseleta haijibu, na ukiisukuma, gurudumu la nyuma ni zito na linakwenda kwa kushtukashtuka. Watu husema mota imeungua. Kwa kuwa skuta nyingi zina mota ndani ya gurudumu lenyewe, maneno hayo ni hukumu ya kifo kwa chombo kizima.

Hukumu hiyo haipaswi kutolewa kabla ya jaribio moja lisilogharimu chochote. Zima skuta, toa betri, kisha chomoa nyaya tatu nene zinazotoka kwenye gurudumu kwenda kwenye kontrola, kisanduku kinachogawa umeme wa betri kwa mota. Hakikisha hazigusani, halafu zungusha gurudumu kwa mkono. Likizunguka kwa ulaini, uzito ule haukutoka kwenye mota, ulitoka kwenye kontrola. Mota ya aina hii ikizungushwa huzalisha umeme, na umeme huo ukipata njia ya mkato ya kurudi kwenye koili, yaani nyaya zilizoviringwa ndani ya mota, huwa breki. Unaweza kulithibitisha papo hapo: gusanisha nyaya mbili kati ya zile nene, zungusha tena, na uzito utarudi. Ndani ya kontrola, transista ya nguvu, yaani swichi ya kielektroniki, ikiungua mara nyingi hubaki inapitisha umeme muda wote, na mota hujizuia yenyewe kupitia humo. Hili linanifurahisha kila ninapolifikiria: mota inayodhaniwa imekufa huwa inafanya kazi, ila inafanya dhidi yako.

Kontrola ndiyo kitu rahisi kubadilisha, kwa sababu mota haijui chapa. Ina sumaku kwenye rimu, koili za makundi matatu katikati, na kwa kawaida nyaya nyembamba tano. Mbili kati ya hizo hupeleka umeme wa volti 5 kwa sensa tatu za Hall, zilizopewa jina la Mmarekani Edwin Hall aliyegundua mwaka 1879 jinsi sumaku inavyoathiri mkondo wa umeme. Nyaya tatu zilizobaki huleta habari za mahali zilipo sumaku.

Kazi hiyo ifikirie kama watu watatu wanaotwanga karanga katika kinu kimoja. Mmoja anashusha mchi wakati mwingine anauinua, na kando yupo anayeita majina kwa zamu. Watatu hao ni makundi ya koili, na mwita majina ni kontrola, anayetazama kwa macho ya sensa. Akichanganya majina mawili, watwangaji ni walewale na nguvu ni ileile, lakini michi inagongana.

Ndivyo inavyokuwa ukifunga kontrola ngeni kwa kufuata rangi za nyaya, maana rangi hazifanani kati ya viwanda. Nyaya tatu nene zina mipangilio sita. Ukiziacha zile za sensa kama zilivyo, mmoja tu ndio sahihi. Inua gurudumu juu, gusa akseleta kidogo, na usikilize. Jihadhari na mpangilio unaozungusha gurudumu huku likinguruma: huo si sahihi, na utaipasha mota joto. Likizunguka laini lakini kinyumenyume, badilisha nyaya mbili za sensa, kisha tafuta upya mpangilio wa zile nene. Baadhi ya kontrola zina waya wa kujifunza: ukiunganishwa, kontrola hufanya utafutaji huu yenyewe.

Betri nayo hubadilika. Kampuni ya Vectrix iliyounda skuta kubwa ya VX-1 ilifilisika mwaka 2009, lakini baadhi ya wenye skuta hizo walitoa betri zake za nikeli wakaweka moduli, yaani mafungu ya seli, za gari la umeme la Nissan Leaf. Ila volti hazisameheki. Betri ya lithiamu inayoitwa ya volti 48, yenye seli 13 mfululizo, ikijaa hufika volti 54.6, basi kontrola yenye kapasita (vipande vinavyohifadhi umeme kwa muda) zilizoandikwa volti 50 haiifai. Chaja pia iendane na aina ya seli.

Si kila skuta itakubali. Nyingine zina mota yenye sensa za aina tofauti, au dashibodi inayozungumza na kontrola yake tu. Hapo dashibodi nayo itabidi ibadilishwe.

Kabla ya kushuka nayo kilima chochote cha Kampala, hakikisha waya wa swichi ya breki umeunganishwa kwenye kontrola mpya. Kuna kontrola zinazotaka waya huo upelekwe kwenye hasi, na nyingine zinataka upewe volti 12. Gurudumu likiwa bado juu, fungua akseleta, kisha shika breki: mota inapaswa kukata umeme hapohapo, hata kama mkono mwingine haujaachia.