Hiyo herufi H kwenye TSH siyo ruhusa ya kuacha dawa za skizofrenia

Hii wiki tena nimewekewa karatasi ya maabara mezani, kidole kiko kwenye TSH, homoni ya ubongo inayoiamrisha thairoidi, tezi ya shingoni, ifanye kazi, pembeni ya namba kuna herufi H, yaani iko juu, na maneno ni yaleyale: "Dokta, kumbe siyo ugonjwa wa akili, ni thairoidi, tumeshamwachisha zile dawa." Tumeshamwachisha! Mi hapo ndo huwa nachoka, maana najua haipiti miezi mingi tunaonana tena, na safari hiyo kijana hali chakula cha nyumbani kwa sababu anaamini mama yake kamtilia sumu kwenye uji.

Sasa hiyo karatasi yenyewe isomeni yote. TSH 6.2, wakati maabara nyingi mwisho wao ni 4 na kitu, lakini shukeni mstari wa chini, T4 huru, homoni inayotolewa na thairoidi yenyewe, iko katikati kabisa. Yani homoni ipo ya kutosha. Watu kibao wasio na shida yoyote ya akili wana majibu kama hayo na ukirudia baada ya miezi miwili mitatu mara nyingi imeshuka yenyewe. Kwa mwenye skizofrenia ndo usishangae kabisa, dopamini, kemikali ya ubongo, ndiyo huwa inaibana TSH isipande, na dawa zake kama haloperidoli, risperidoni na wenzao wanaziba dopamini, breki ikilegea TSH inapanda kidogo. Kwetiapini nayo inaweza kushusha T4. Na aliyelazwa juzi akiwa amechafukwa anaweza kuwa na T4 ya juu siku za mwanzo, akitulia inarudi bila kidonge chochote cha thairoidi.

Sikatai kwamba thairoidi inaweza kumvuruga mtu akili. Daktari Mwingereza Richard Asher aliandika mwaka 1949 juu ya wagonjwa 14 wa namna hiyo, na wengi walipata nafuu walipopewa homoni. Lakini hao thairoidi ilikuwa imelala kwelikweli, haitoi homoni ya kutosha: uso umevimba, sauti nzito, ngozi kavu, anasikia baridi jua linawaka. Mtu wa hivyo leo ukimpima TSH inakuwa juu sana na T4 iko chini, siyo hii 6.2 mnayonipigia nayo kelele. Ndo maana anayeanza kusikia sauti tunampima TSH mapema, tusije tukampita huyo mmoja. Na mtu anaweza kuwa na vyote viwili, anatibiwa vyote viwili.

Halafu naomba msimpe levothairoksini, vidonge vya homoni ya thairoidi, alivyoandikiwa shangazi. T4 iko sawa, ukimwongezea homoni moyo unakwenda mbio, usingizi hapati, hatulii, mnaanza kusema ugonjwa umerudi. Kwa kijana mwenye TSH isiyofika 10 na T4 nzuri, tunarudia kipimo kwanza. Nendeni asubuhi, na orodha ya dawa zote, na kama anameza vidonge vya nywele na kucha aache siku mbili kabla, maana vina bayotini na kwenye mashine nyingi bayotini inadanganya, TSH inasoma chini, T4 juu, mtu anaambiwa thairoidi imezidi kumbe ni vidonge vya urembo. Hili nalisema mpaka wauguzi wangu wamenichoka.

Mengine mnayoniambia, harakaharaka.

"Vipimo vyote viko poa, basi ni majini." Hamna kipimo cha damu cha skizofrenia. Damu tunachukua kutafuta vinavyofanana nayo, kaswende, VVU, thairoidi, upungufu wa B12. Skizofrenia yenyewe tunaijua kwa kukaa na mtu, kumsikiliza na kuwauliza nyie mnaoishi naye.

"Kanenepa, dawa imemkubali." Jamani! Olanzapini na klozapini zinaongeza uzito, sukari na mafuta kwenye damu, na watu wenye skizofrenia wanakufa miaka 10 hadi 20 mapema kuliko wengine, moyo na mishipa ikiwa sababu kubwa. Mnaohangaika na TSH mbona hamniulizi sukari? Ipimwe kabla ya kuanza dawa, miezi mitatu baadaye, kisha kila mwaka, pamoja na mafuta. Na nunueni tepu ya fundi cherehani mumpime kiuno kila mwezi.

"Hapati siku zake, matiti yanatoa maziwa, karogwa." Pimeni mimba kwanza, halafu prolaktini, homoni ya kutoa maziwa; risperidoni na haloperidoli zinaipandisha sana. Hapa TSH naitaka mwenyewe, kwa sababu thairoidi iliyolala nayo inapandisha prolaktini. Dawa tunapunguza au tunabadilisha, haiachwi kienyeji.

"Wa klozapini anatolewa damu kila wiki, wanaiuza." Ni kichupa kimoja cha mfuniko wa zambarau, nani atakinunua? Tunahesabu chembe nyeupe, askari wa mwili dhidi ya maambukizi, maana kwa wachache dawa hii inazishusha ghafla, hasa miezi ya mwanzo. Akipata homa au koo likamuuma msisubiri tarehe ya kliniki, mleteni siku hiyohiyo.