Simu yako ina kazi ngapi?

Mwaka jana alikuja kwangu mama mmoja anayeuza mchele wa Kyela pale Mwanjelwa. Nimebadilisha mambo mawili matatu ili asitambulike. Watu watatu, akiwemo mchungaji wake, walikuwa wameshamwambia kwamba dawa ya simu kumzidi nguvu ni kuizima ikifika saa mbili usiku. Akajaribu. Usiku huohuo dereva wa Fuso lililobeba magunia yake alifika Uyole, akapiga, akapiga tena, hakujua ashushe mzigo wapi, akalala barabarani mpaka asubuhi. Tangu hapo mama hakuizima tena. Alikuwa akilala nayo chini ya mto na kuamka mara nne au tano usiku kuiangalia.

Mimi ni mshauri wa saikolojia hapa Mbeya, na sehemu kubwa ya wanaokuja kwangu siku hizi wanasema simu imewazidi nguvu. Wengi wanaanza kwa kuomba radhi, kana kwamba ni wavivu au wamekosa malezi. Huyu mama hakuwa mvivu hata kidogo. Anaamka saa kumi alfajiri.

Sikumwambia azime. Nilimpa karatasi nikamwomba aandike kila kazi ambayo simu inamfanyia, bila kujiuliza kama ni nzuri au mbaya. Pochi. Saa ya kumwamsha. Tochi umeme ukikatika. Biblia. Redio. Daftari la wanaodaiwa. Kikoba. Kamati ya harusi ya mtoto wa shemeji. Bei ya mchele Dar es Salaam. Picha za wajukuu. Alipomaliza zilikuwa kazi 17. Ukimwambia mtu mwenye kazi 17 mkononi azime simu, unamwambia afunge duka, benki, kanisa na ukoo kwa mkupuo. Lazima atashindwa, na akishashindwa anajiona hafai.

Tukazipitia moja moja, tukiuliza: hii inahitaji simu janja? Inahitaji usiku? Kazi iliyomlazimu kuwa na simu kitandani ilikuwa moja tu, dereva kumpata. Kwa hiyo kiswaswadu, simu ndogo ya vitufe, kinatosha. Akanunua kimoja, namba ya kile akawapa madereva wawili na mwanawe mkubwa, basi. Simu janja ikahamia sebuleni, kwenye droo ya kabati. Saa ya kuamkia akanunua ya mezani, ile ya betri. Kwa asiye na uwezo wa simu mbili, ileile moja inaweza kuwekwa ipokee simu za watu wachache tu usiku na wengine wote wawe kimya. Mpangilio huo umo kwenye simu janja nyingi, watu hawajaonyeshwa tu.

Lakini kuhamisha kazi ni nusu ya jambo. Wengi huuliza: mbona hata ninapojua hakuna kitu, mkono unakwenda wenyewe?

Sisi tuliokulia Rungwe tulilijua hili kabla ya kulisoma darasani. Ukitega mtego wa fuko kwenye shamba la viazi na kila asubuhi ukakuta fuko, baada ya wiki unakwenda kuangalia kwa wakati wako. Usipopata kabisa, unaacha. Lakini ukipata leo, ukose kesho na keshokutwa, kisha upate wawili, hulali. Unakwenda hata mchana. Wanasaikolojia wa Marekani B. F. Skinner na Charles Ferster walichapisha mwaka 1957 majaribio waliyofanya kwa njiwa waliodonoa kitufe ili wapate punje. Punje zilipotoka bila idadi maalumu, mara baada ya kudonoa kidogo, mara baada ya kudonoa sana, njiwa walidonoa kwa kasi kubwa karibu bila kupumzika. Hata punje zilipokatwa, waliendelea kwa muda mrefu.

Sasa fungua grupu lolote la WhatsApp la mtaani kwako. Jumbe kumi ni "Amina" na "Poleni sana wafiwa". Wa kumi na moja ni mteja anataka magunia 20. Huwezi kujua upi utakuwa upi mpaka uangalie, na hapo ndipo mtego ulipo. Mwanasayansi Wolfram Schultz, aliyepima seli za ubongo za nyani, alionyesha katika miaka ya 1990 kwamba mnyama akishazoea, seli zinazotoa dopamini, kemikali ya ubongo inayotusukuma kutafuta zawadi, huchangamka pale ishara ya zawadi inapotokea, kuliko pale zawadi yenyewe inapofika. Kwa lugha yetu: mlio una utamu kuliko ujumbe. Ndiyo maana kazi ya kwanza ninayompa karibu kila mtu ni kuzima milio yote isipokuwa ya simu kupigwa na ya miamala ya pesa. Programu zinazobaki uziendee wewe kwa saa zako, zisikuite.

Je, huu ni uraibu? Ninalitumia neno hilo kwa tahadhari. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake mpya ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022, limetambua tatizo la michezo ya kidijitali. Matumizi ya simu kwa ujumla hayamo. Hata hivyo vigezo vyake vinanisaidia kupima: kushindwa kujizuia, jambo hilo kupewa nafasi mbele ya kila kitu, na kuendelea hata madhara yakionekana wazi. Anayechelewa kulala mara moja moja hana ugonjwa. Anayekosa ada ya mtoto kwa sababu hela imeishia kwenye bando na kubeti, huyo aje tuzungumze mapema.

Kazini hali ni nyingine, maana mara nyingi chanzo si mfanyakazi. Kuna mhasibu kijana anakuja kwangu kutoka Iringa. Bosi wake hutuma maagizo kwenye grupu la ofisi saa nne usiku, na asubuhi anauliza mbele ya wote nani hajaona. Ufaransa ina sheria tangu Januari 2017 inayozitaka kampuni zenye wafanyakazi 50 na zaidi kujadiliana nao kuhusu haki ya kutoshikwa na kazi nje ya saa za kazi. Kwetu, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki, na za ziada zilipwe. Ningependa sana maofisa rasilimali watu wa ukanda huu waanze kuhesabu jumbe za saa nne usiku kuwa ni kazi, kwa sababu ni kazi. Kijana wetu hakuweza kumbadili bosi, lakini wenzake wanne walikubaliana na kumwendea pamoja kwa heshima, wakaomba maagizo yasiyo ya dharura yasubiri asubuhi. Bosi alikubali. Kumbe alikuwa akituma usiku ili asisahau.

Katika saa za kazi zenyewe, tatizo ni kukatika katika. Gloria Mark wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, amekuwa akipima muda ambao mtu hukaa kwenye skrini moja kabla ya kurukia nyingine. Mwaka 2004 ulikuwa wastani wa dakika mbili na nusu. Katika vipimo vya miaka ya karibuni umeshuka hadi sekunde 47 hivi. Mahesabu ya mshahara hayafanyiki kwa sekunde 47. Kwa yule mhasibu, tulichofanya ni umbali: simu inakaa dirishani, hatua sita kutoka mezani, na anaifuata kila baada ya saa moja. Hizo hatua sita zina nguvu kuliko nia, kwa kuwa zinampa nafasi ya kujiuliza anafuata nini.

Nyumbani, nianze na kitanda. Juni na Julai hapa Mbeya baridi inatupeleka chini ya blanketi saa mbili, na usingizi wenyewe haujafika, hivyo simu inajaza pengo. Zamani pengo hilo lilijazwa na moto. Watu walikaa jikoni wakiota, mikono ikimenya mahindi ya kuchoma, macho yakiwa na pa kutazama hata mazungumzo yakikatika. Ukiondoa simu bila kuirudishia mikono kitu, utaumia. Wanaofanikiwa kwangu ni waliorudi kwenye kufuma masweta, kucheza bao, kumsomesha mtoto. Na mtoto mwenyewe: mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2019 unasema aliye chini ya mwaka mmoja asikalishwe mbele ya skrini kabisa, na wa miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku. Najua ugali hausongwi huku mtoto analia. Mpe sufuria na mwiko.

Siku nne tano za mwanzo kuna arosto kweli. Utahisi simu inatetema mfukoni na mfukoni haimo. Utakuwa na hasira za haraka. Waambie wa nyumbani mapema, wasije wakadhani umewachukia.

Yule mama alirudi wiki ya tatu na karatasi yake. Kazi 16 zilikuwa zimepata mahali pengine au saa yake. Moja alikuwa hajaigusa, aliyoiandika mwisho kabisa kwa herufi ndogo: kunipitishia usiku. Mumewe alifariki miaka miwili kabla. Siku hiyo tuliongea saa nzima na nusu, na habari za simu hazikurudi.