Hewa ya akiba ya mzamiaji: ni nini, na inatosha kukufikisha wapi?

Hewa ya akiba ni hewa ambayo mzamiaji anaweza kuipata papo hapo, akiwa bado chini, pale mtungi wake wa mgongoni au regulata (kifaa kinachompa hewa ya mtungi kila anapovuta pumzi) iliyo mdomoni inapomwangusha. Huenda mpira wa kupitishia hewa umepasuka, huenda regulata imeharibika na inamwaga hewa ovyo, na mara nyingi ni kwamba mwenyewe hakuangalia geji, kile kipimo cha presha ya hewa iliyobaki mtungini, mpaka hewa ikaisha. Vyovyote iwavyo, hewa iliyo mgongoni mwa mwenzako aliyetangulia mita kumi mbele akimfuata kasa haihesabiki kuwa akiba. Huwezi kuogelea umbali huo mapafu yakiwa matupu.

Miaka ya mwanzo, baada ya Wafaransa Jacques-Yves Cousteau na Émile Gagnan kutengeneza Aqua-Lung, kifaa cha kupumulia chini ya maji kwa mtungi, mwaka 1943, watu wengi walizama bila geji. Baadaye ikaja mitungi yenye vali ya akiba: presha ikishuka sana pumzi inakuwa nzito, mzamiaji anavuta wenzo, na hewa iliyokuwa imezuiwa inaachiliwa. Tatizo ni kwamba wenzo ukigongwa ukashuka mapema, akiba inaliwa kimyakimya pamoja na hewa nyingine. Watu walifundishwa pia kupokezana regulata moja, huyu pumzi mbili, yule pumzi mbili. Kwenye bwawa la mazoezi jambo hilo linawezekana. Baharini, kati ya wawili walioshikwa na hofu, aliyeishika regulata huona vigumu mno kuiachia.

Ndiyo maana leo karibu kila mzamiaji wa burudani hubeba regulata ya pili, oktopasi, ambayo kwa kawaida ni ya njano na ina mpira mrefu kidogo. Umeibeba kwa ajili ya mwenzako, na yeye ameibeba yake kwa ajili yako. Mahali pake ni kifuani, kati ya kidevu na mbavu, ambapo mtu mwingine anaiona bila kutafuta. Ikiachwa ining'inie ubavuni inaburuzwa mchangani na kwenye matumbawe, na siku ikihitajika inatoa mchanga pamoja na hewa. Kabla ya kuruka kutoka kwenye boti, vuta pumzi kadhaa kupitia oktopasi huku ukitazama geji. Mshale ukicheza kila unapovuta, vali ya mtungi haijafunguliwa vizuri.

Hata hivyo oktopasi inanyonya mtungi uleule. Anayetaka akiba iliyo yake peke yake hubeba mtungi mdogo wenye regulata yake. Kuna vile vichupa vya mkononi kama Spare Air, ambacho chenye ukubwa unaojulikana zaidi hubeba kama lita 85 za hewa, na kuna mtungi wa poni, ambao ujazo wake wa ndani ni lita 2 au 3 lakini hewa iliyoshindiliwa humo ni nyingi zaidi, unaofungwa ubavuni mwa mtungi mkubwa. Wauzaji huviweka rafu moja. Kwa mtu aliye mita 30, tofauti yake ni kubwa mno, na hesabu yake kila mzamiaji anapaswa kuijua.

Kila mita 10 za kina huongeza bar 1 ya presha. Juu ni bar 1, mita 30 ni bar 4, kwa hiyo kila pumzi huko chini inakula hewa mara nne. Mtu mtulivu hutumia kama lita 20 kwa dakika akiwa juu. Aliyeshtuka tumhesabie 40. Basi akiwa mita 30 anamaliza lita 160 kwa dakika moja tu ya kujiweka sawa. Akipanda mita 9 kwa dakika, safari inachukua dakika tatu na kidogo, kwa wastani wa bar 2.5, yaani lita 330 hivi nyingine. Jumla ni karibu lita 490, kabla ya kusimama dakika tatu kwenye mita 5 kama inavyoshauriwa. Poni ya lita 3 iliyojazwa bar 200 ina lita 600, inatosha. Kichupa cha lita 85, kwa kina hicho na hofu hiyo, kinaisha kwa nusu dakika. Kutoka mita 10, ukianza kupanda mara moja, kinakufikisha juu, na huko ndiko ningekiamini.

Hesabu hiyohiyo inagusa ile kanuni ya kurudi botini na bar 50. Mtungi wa kawaida wa alumini, wa lita 11 hivi, ukiwa na bar 50 una kama lita 550. Hizo zinampandisha mtu mmoja. Wawili wanaopumua mtungi mmoja kutoka mita 30 wanahitaji karibu lita 980, yaani bar 90 hivi, bila kile kituo cha mita 5. Kwa kina hicho mimi naona safari ya kupanda ianze geji ikisoma bar 100. Anayengoja 50 akiwa bado chini hana tena cha kumgawia mwenzake.

Poni nayo ina mtego wake: kuna wanaoruka majini na regulata ya poni mdomoni wakidhani ni ile kuu, wakaimaliza mwanzoni mwa mbizi. Ipewe alama ambayo mkono unaitambua bila macho, na geji yake isomwe kila safari.

Vyote vikikosekana na uko kwenye kina kifupi, unabaki na kupanda kwa kuogelea, regulata ikiwa mdomoni, ukitoa pumzi mfululizo kwa sauti ya "aaa". Usibane pumzi kamwe. Hewa iliyojaza mapafu ukiwa mita 10 inakuwa maradufu ukifika juu, na mapafu yaliyofungwa huchanika. Kadiri unavyopanda presha inapungua, kwa hiyo mtungi uliogoma chini unaweza kukupa pumzi moja au mbili zaidi njiani. Ukifika juu, dondosha uzito wa kiunoni na ujaze jaketi lako la kuelea kwa kulipuliza kwa mdomo.