Asiyeona Hana Masikio ya Akiba

Nimeambiwa kwa mara nyingine, safari hii na mtengenezaji wa programu, kwamba shida ya wasioona na simu ilikwisha siku simu zilipoanza kuzungumza. Kwa kuwa kazi yangu ni kuwafundisha wasioona kutumia simu za skrini ya mguso, nitajibu kwa maandishi ili nisilazimike kurudia.

Kwanza, msaidizi wa sauti anayeamriwa kupiga simu au kuweka kengele si kisoma skrini. Visoma skrini kama VoiceOver, iliyoingia kwenye iPhone mwaka 2009, na TalkBack ya Android, iliyotoka mwaka huohuo, hutamka kilicho chini ya kidole. Mtumiaji hutelezesha kidole kulia ili apate kipengele kinachofuata, kisha hugonga mara mbili kukifungua. Wanaodhani kwamba asiyeona hushinda akiiamuru simu kwa mdomo wajiulize kama wao wangetaja neno lao la siri katikati ya foleni.

Kuhusu vitufe visivyo na lebo sina mengi, kwa sababu nimechoka: anayeweka picha ya kikapu bila kuiandikia jina humwachia mtumiaji wa kisoma skrini neno «kitufe», na pembeni yake «kitufe» kingine, na kimojawapo hufuta kila kitu. WCAG, mwongozo wa kimataifa wa kufanya tovuti zitumike na watu wenye ulemavu, umedai maandishi mbadala, yaani maneno yanayosimama badala ya picha, tangu toleo lake la kwanza la mwaka 1999.

Linaloniudhi hasa ni dhana kwamba masikio ya asiyeona yamekaa bure yakingoja simu iseme. Barabarani masikio hayo ndiyo yanayopima kasi ya gari linalokuja, yanayotambua mahali ukuta ulipokoma na njia ya pembeni ilipoanza, na yanayofuata mlio wa ncha ya fimbo. Mkono mmoja umeshika fimbo nyeupe. Uliobaki unatakiwa kuishika simu na wakati huohuo kutelezesha kidole, jambo ambalo kwa simu pana za siku hizi ni sarakasi, na ishara za vidole viwili au vitatu haziwezekani mpaka mtu asimame na kuibana fimbo kwapani. Akitumia spika ya simu, kelele huimeza sauti, na ikisikika basi waliomzunguka nao wamesomewa ujumbe wake. Akivaa vipokea sauti vinavyoziba masikio, ameziba kile anachoonea.

Vipo vipokea sauti vinavyopitisha mtetemo kwenye mfupa wa shavu na kuliacha tundu la sikio wazi. Ninavipendekeza, lakini kwa shaka, kwa sababu tundu kuwa wazi hakumpi mtu akili mbili: maelekezo ya njia na mngurumo wa pikipiki bado vinagombea usikivu uleule. Ninachofundisha ni kusimama, kuegemea ukuta, kusikiliza hadi mwisho, kuitia simu mfukoni, ndipo kuondoka. Wanafunzi huitikia, kisha hutembea huku wakisikiliza, na siwezi kuwalaumu kwa moyo wote, maana asiyeona anayesimama kila mara hudhaniwa amepotea, na wapita njia huanza kumvuta mkono bila kumwuliza.

Programu zinazoeleza picha zimesaidia mno, ila hutamka kosa kwa sauti ileile tulivu zinayotamkia ukweli. Kwa maelezo ya dawa nasisitiza kuhakiki kwa njia nyingine. Kwa mambo madogo zaidi sijapata kanuni ya kufundisha ambayo mimi mwenyewe ninairidhia.

Na upo msimbo wa uthibitisho. Unafika kwa ujumbe, mtumiaji anatoka kwenye programu, anautafuta ujumbe, anausikiliza tarakimu baada ya tarakimu, anarudi, na anakuta ukurasa umejifunga. Mahali penye utulivu wengi wa wanafunzi wangu husikiliza kwa kasi ambayo mgeni haambulii neno. Penye kelele hulazimika kuipunguza, kwa hiyo muda unawaishia palepale wanapouhitaji zaidi. Anayepanga muda huo kwa kumpima mtu anayesoma kwa jicho akiwa ofisini hajapima kitu. WCAG 2.0 ya mwaka 2008 inataka mtumiaji aweze kuuzima, kuurekebisha au kuurefusha muda wa aina hiyo, isipokuwa katika hali chache. Yule mtengenezaji wa programu alipolisikia hilo aliniuliza kama ni lazima.