Bweni Si Stoo

"Lakini watoto wako salama, tunawafungia." Nikiambiwa hivi tena na mwalimu mkuu, nadhani ukaguzi nitaumalizia getini.

Mimi hukagua usalama wa majengo ya shule. Juzi nilisimamishwa kwa fahari mbele ya bweni la wasichana: grili kila dirisha, na kufuli kubwa mlangoni, kwa nje. Wazazi wameipenda sana. Mwizi haingii. Haya, na mtoto anatokaje?

Mwongozo wa usalama shuleni wa Wizara ya Elimu ya Kenya upo tangu 2008. Mlango uwe na upana wa futi 5, ufungukie nje, na usifungwe kwa nje wanafunzi wakiwa ndani. Madirisha yasiwe na grili. Kitanda hadi kitanda, mita 1.2. Mitungi ya kuzimia moto ikae karibu na milango, si ofisini kwa naibu. Haya mnayajua.

Kinachonichosha ni habari ya ufunguo. "Uko kwa matroni." Matroni analala wapi? Chumba cha pembeni, upande mmoja wa bweni. Na moto ukianzia upande huo? Na akiwa ametoka kidogo? Hata akiwepo, stima imepotea, watoto wanapiga mayowe, naye anapapasa kitita cha funguo zinazofanana zote. Godoro la sponji likishika moto, moshi hujaza chumba kwa dakika chache tu, na mara nyingi moshi ndio unaoua, hata kabla moto haujafika. Kule shule ya sekondari ya Kyanguli, Machakos, Machi 2001, mlango mmoja kati ya miwili ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na vyuma. Walikufa wavulana 67. Ndiyo, najua moto uliwashwa na wanafunzi. Aliyekuwa amelala hakuwasha kitu.

Sasa, wanaonipinga wana hoja moja inayoninyima usingizi. Mwaka 1991, shule ya sekondari ya St. Kizito kule Meru, wavulana walivamia bweni la wasichana, na wasichana 19 wakafa. Siwezi kumwambia mkuu wa shule ya wasichana aondoe kila kizuizi halafu nijiendee zangu. Ninachopendekeza ni ua na walinzi nje, na mlangoni komeo la ndani linalofunguka kwa mkono, bila ufunguo. Anayeng'ang'ania grili aitie bawaba, na komeo lake liwe ndani vilevile.

Tatizo ni kwamba komeo hilohilo ndilo msichana atalifungua saa nane usiku atoroke, au amfungulie mtu. Bado sijaona bweni lililoumaliza mvutano huu. Nikilazimishwa, nachagua mtoro. Huyo angalau nitamwona kesho ofisini na mzazi wake.

Mwalimu mkuu wa juzi ameahidi kuhamishia komeo ndani muhula ujao. Nimemuuliza kwa nini asubiri, maana fundi huimaliza kazi hiyo asubuhi moja.