Wuthering Heights si hadithi ya mahaba matamu

Wengi huifungua riwaya hii ya Emily Brontë ya mwaka 1847 wakitarajia penzi la kuliwaza moyo, kisha huiweka chini kwa hasira: mbona kila mhusika ana roho mbaya? Tatizo ni matarajio. Sinema ndizo zilizoipa sifa ya mahaba. Ile ya mwaka 1939 ilikiacha kabisa kizazi cha pili, yaani watoto wa wahusika wa kwanza. Kitabuni, Catherine, anayependwa na Heathcliff, mtoto wa kuokotwa aliyelelewa kwao, anafariki kabla hatujafika nusu. Kinachofuata ni kisasi. Heathcliff anamwoa Isabella, wifi wa Catherine, bila kumpenda, na usiku wa kutoroka naye anamtundika mbwa wa mwanamke huyo kwa leso. Anamnyima elimu Hareton, mtoto wa kaka yake Catherine. Anamlazimisha binti wa Catherine aolewe na mwanawe aliye mgonjwa mahututi. Tena yeye mwenyewe anamdhihaki Isabella kwa kumdhania shujaa wa mapenzi! Brontë aliliona kosa letu mapema, akalitia ndani ya hadithi. Kwangu huo ndio ukubwa wake: anamwonyesha Heathcliff, mtoto aliyeonewa, akigeuka mwonevu, wala hamtakasi. Anayetaka upendo wenye huruma amtazame Cathy mdogo, yule binti wa Catherine, akimfundisha Hareton kusoma.